Maswali ya Wasomaji: Trekta likilala, maji ya injini yabaki au yamwagwe?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Ninalo trekta la marehemu baba, Massey Ferguson 135, ambalo hulima bonde la mpunga kabla ya masika na kisha hukaa bandani hadi msimu mwingine. Kitabu chake kinaagiza kwamba likihifadhiwa wakati wa baridi, maji yote ya injini yamwagwe au yatiwe dawa ya kuzuia kuganda. Fundi wangu anataka tuyamwage kama kitabu kinavyosema. Ami yangu anasema hayo ni mambo ya Ulaya, nijaze maji ya kisima tu nisihangaike. Nimfuate nani?
Mkulima, Cheju, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Ami yako amesema kweli kuhusu barafu, na fundi hakukosea kukiheshimu kitabu, lakini ushauri wa kila mmoja wao, ukifuatwa kama ulivyo, utaiozesha injini hiyo taratibu.

Trekta la aina yako lilitengenezwa tangu 1964 hadi 1975, kwa wingi mjini Coventry, Uingereza, na walioandika kitabu chake walimfikiria mkulima ambaye banda lake hugeuka jokofu kwa miezi kadhaa. Maji yakifika nyuzi 0 huanza kuganda, na yakiganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9. Yakiwa yamefungiwa ndani ya bloki, yaani kiwiliwili cha injini, ya chuma cha kusubu, ambacho hakinepi, hukipasua. Unguja, hata katika usiku wa kipupwe, hewa haishuki chini ya nyuzi 15, kwa hiyo maji hayana njia ya kuganda bandani mwako.

Sasa tazama linalotokea ukiyamwaga hapa kwetu. Kuta za ndani za bloki hubaki na unyevu, hewa yenye chumvi ya bahari huingia, na chuma kilichokuwa kimefunikwa na maji hukutana na hewa mpya kila siku kwa miezi mingi. Kutu hupata kila inachokihitaji. Tena wengi hufungua koki ya chini ya rejeta peke yake na kudhani wamemaliza, ilhali bloki ina koki yake ubavuni, nayo mara nyingi huwa imezibwa na tope la kutu. Maji ya chini hubaki pale pale, huku sehemu ya juu ikiliwa. Mfumo uliojaa hadi juu na kufungwa vizuri hupata kutu kidogo kuliko uliomwagwa nusu.

Je, ujazwe maji ya kisima? Visima vyetu vingi vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, na maji yake hubeba chokaa. Yale ya karibu na pwani huongeza na chumvi. Kila injini inapopata moto, chokaa huganda juu ya chuma kama inavyoganda ndani ya birika, na gamba hilo huzuia joto lisitoke kwenye silinda, hivyo ukashangaa injini inachemka ilhali rejeta imejaa. Zaidi ya hayo, ndani ya mfumo huo mmoja mna chuma cha bloki, shaba ya rejeta na risasi ya kuchomelea, na maji yenye chumvi yakizigusa zote pamoja, chuma huliwa upesi zaidi.

Kwa hiyo tia kulanti, ile ile dawa ya kuzuia kuganda. Kazi yake inayotajwa sana ni ya barafu, lakini ndani yake hutiwa pia viambato vya kuzuia kutu, na hivyo ndivyo unavyovihitaji wewe. Mfumo wa trekta lako huchukua kiasi cha lita 10: theluthi moja ikiwa kulanti na iliyobaki ikiwa maji yaliyotoneshwa, kama yale yanayouzwa kwa kuongezea betri, inatosha kabisa. Hakikisha muuzaji hakupi asidi ya betri, maana vyombo vyake hufanana. Kulanti nyingine huuzwa ikiwa imekwisha kuchanganywa na haitakiwi kuongezwa maji. Soma maelezo, wala usichague kwa rangi, kwa kuwa kila mtengenezaji hutia rangi aipendayo. Kwa injini ya umri huu, chagua aina ya kawaida iliyoandikwa kuwa inafaa rejeta za shaba. Ibadilishe kila baada ya miaka 2, kwani viambato vya kutu huisha nguvu hata kama rangi bado ni nzuri.

Injini ikiwa imepoa, fungua koki zote mbili, ukizichokoa kwa waya mwembamba ikiwa hazitoi kitu, kisha pitisha maji safi mpaka yatoke meupe. Ukishajaza, iwashe injini mpaka ipate moto hasa na thamostati, yaani kilango kinachopitisha maji injini ikipata moto, ifunguke, la sivyo dawa itabaki kwenye rejeta na bloki haitaipata. Itazame mipira na pampu ya maji kwa siku mbili tatu, kwa sababu kulanti hupenya mahali ambapo gamba la zamani lilikuwa limeziba tundu. Ukimwaga iliyochakaa, usiiache kwenye beseni uani: nyingi hutengenezwa kwa glikoli, ambayo ni tamu na ni sumu, na mbuzi na watoto huivutikia.

Umeuliza maji, lakini injini hailali na maji peke yake. Watu wengi hubadilisha oili siku ya kulitoa trekta. Mimi naona ibadilishwe siku ya kuliingiza, kwa kuwa oili iliyotumika katika injini ya dizeli huwa na asidi, ambayo ikiachwa miezi kadhaa huzila beringi. Tangi la dizeli lijazwe, ili pasibaki nafasi ya mvuke kugeuka maji. Mdomo wa eksozi ufunikwe kwa kopo, na uandike mahali pa kuonekana kwamba kopo lipo, usije ukasahau kulitoa. Betri itolewe. Ile desturi ya kuwasha injini dakika tano kila wiki “ipashe moto” naiona ni hasara: injini haifiki joto la kukausha mvuke, nao hubaki kwenye oili. Ukiiwasha, lifanyishe trekta kazi hadi lipate moto, au liache lilale.

Ile sura ya barafu katika kitabu usiitupe, kwani itakufaa siku ya kununua trekta jingine lililotumika Ulaya. Tazama ubavuni mwa bloki kama pana mshono wa kuchomelewa au michirizi ya kutu inayoanzia kwenye ufa, na chomoa kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Vile vizibo vya bati vinavyoziba matundu ya ubavuni mwa bloki vikiwa vipya kwenye injini kuukuu, uliza sababu: huenda vya zamani vilisukumwa na barafu.

SWALI: Shemeji yangu analima viazi Makete, mkoani Njombe, na nataka kumpelekea trekta langu dogo. Je, huko maji huganda?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Ndiyo, yanaweza. Makete na uwanda wa Kitulo hupata sakitu usiku wa Juni hadi Agosti, na mirija myembamba ya rejeta ndiyo hutangulia kuumia. Theluthi ya kulanti ya glikoli hulinda hadi kiasi cha nyuzi 18 chini ya sifuri, nayo inatosha. Nusu kwa nusu hulinda hadi kiasi cha nyuzi 37 chini ya sifuri. Usiitie tupu, kwani glikoli bila maji huganda mapema zaidi, kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, na haibebi joto vizuri. Yamwage maji ya Wete kwa koki zote mbili kabla ya kulisafirisha, na umwambie shemeji yako kwamba kiwango kikipungua aongeze mchanganyiko ule ule. Akiongeza maji matupu kila mara, kinga itapungua bila yeye kujua.