Makamu ya Bayati na makamu wa rais

"Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko Unguja, anajifunza kupiga udi. Juzi kanipigia simu, kaniambia wameanza 'makamu ya Bayati' na kwamba ndani yake mna 'robo sauti'. Mimi makamu ninayemjua ni wa rais. Hicho ni Kiswahili? Na wakiwa wengi tunasemaje?"

Marahaba, mama. Binti hajakosea, na makamu wake na wa rais ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa Kiarabu *maqam* ni mahali pa kusimama. Mahujaji wanaijua Makamu Ibrahim pale Makka, karibu na Kaaba. Waturuki wa zama za Usmania walikuwa na cheo cha *kaymakam*, yaani anayesimama mahali pa mwingine. Neno hilo ni la vipande viwili, na Kiswahili kina vyote viwili, kila kimoja kivyake: *qa'im* ndiye kaimu wetu, *maqam* ndiye makamu. Hata "mtu wa makamo" wamo humo humo: amefika pake, si kijana tena wala si mzee.

Wanamuziki nao wanasema sauti ina mahali pake pa kusimama. Makamu ni mpangilio wa sauti pamoja na desturi ya kuzipita: unaanzia wapi, unatulia wapi, unapanda kwa njia ipi. Usiichanganye na mahadhi. Mahadhi ni ya wimbo mmoja. Makamu moja huzaa mahadhi mamia. Nyimbo mbili zisizofanana hata kidogo zinaweza zote kuwa Bayati.

Sarufi yake nyepesi. Mtu ni makamu huyu, makamu hawa. Ya muziki naipeleka kwenye ngeli ya i-/zi-: makamu hii, makamu hizi, kama maana na madrasa. Wapo wanaoona hilo *ma-* la mwanzo wakadhani ni la wingi, wakasema "makamu haya". Maradhi yaliingia ngeli hiyo kwa mlango huo huo, kwa hiyo siwacheki, ila mimi sitawafuata. "Makamati" tuwaachie Waarabu wenyewe, kwao wingi ni *maqamat*.

Sasa robo sauti, na hapa nina ugomvi kidogo. Chukua kinanda cha kawaida. Kati ya Re na Mi pana kibonye cheusi kimoja. Sauti ya pili ya Bayati ikianzia Re haipo kwenye kibonye hicho, wala haipo kwenye Mi. Iko katikati yao, mahali ambapo kinanda hakina kitu. Udi unaipata kwa sababu shingo yake haina vigawanyo, kidole kinatua popote. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, anainua au kulaza vibati vidogo pembeni mwa nyuzi kabla hajaendelea. Kodiani ya kawaida haiwezi, na ndiyo maana wimbo ule ule ukipigwa kwa kodiani peke yake husikika kama chai iliyosahauliwa iliki.

Ukisema "robo sauti", msikilizaji atadhani mwimbaji anapiga hatua za robo robo. Hapana. Kutoka Re hadi sauti ile ni robo tatu ya hatua nzima (hatua nzima ni kama ya Re hadi Mi), na kutoka pale hadi Fa ni robo tatu tena. Robo ni kiasi ilichopungua Mi tu. Na Kiswahili kina neno la kitu kilichopungua robo, tunalitumia kila siku tukitazama saa: kasorobo. Bayati basi ni Re, Mi kasorobo, Fa, So. Ni pendekezo langu, sijalikuta kwenye kamusi yoyote ya muziki, lakini mjaribie binti uone kama hatalielewa papo hapo.

Tena kasorobo inafaa kwa ulegevu wake. Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo kwenye kongamano kubwa la muziki wa Kiarabu, wakabishana kama sauti, kutoka Do hadi Do inayofuata, zigawanywe vipande 24 vilivyo sawa. Kwenye karatasi hesabu hiyo inapendeza. Kwenye masikio, Mi kasorobo ya Istanbul iko juu kuliko ya Cairo, na hata mpigaji mmoja huishusha zaidi akiwa kwenye Bayati kuliko akiwa kwenye makamu nyingine iitwayo Rasti. Kama kasorobo ya mtu anayekwambia yuko njiani.

Majina ya makamu zenyewe yaandikwe kwa herufi kubwa. Mengi ni ya mahali au watu: Hijazi ni nchi ya Makka na Madina, Nahawandi ni mji wa Iran, Ajami ni neno lile lile la Uajemi, ingawa Ajami yenyewe inafanana sana na do-re-mi ya Wazungu. Inayosumbua ni Saba. Kwa Kiarabu *saba* hii ni upepo wa mashariki, na irabu ya mwisho inavutwa. Mimi naiandika Sabaa. Binti akisema wiki ijayo wanaingia "makamu ya Saba", usimuulize zile sita za kwanza wamezimaliza lini.