Sistimu 36 haitawapa ligi ya haki

SWALI: Mwalimu, tuko marafiki wanane hapa Moshi, tunacheza gofu kila Jumamosi na tunataka kuanzisha ligi ya miezi minne. Mmoja wetu hupiga 78 au 80, wengi tuko kwenye 90 na kitu, wawili wameanza juzi na hawajashuka chini ya 115. Kati yetu kuna akina mama wawili wanaopiga kutoka tii nyekundu, yaani mahali pa kuanzia pa mbele. Mwaka jana tulipangiana handikapu (mikwaju anayopunguziwa mchezaji) kwenye kundi la WhatsApp, ikaishia ugomvi na yule bora wetu akajitoa. Sasa mwenzetu anasema tutumie Sistimu 36, kwa kuwa ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya makampuni. Tufanyeje ili kila mtu awe na nafasi ya haki?

JIBU: Sistimu 36 iacheni kabisa. Barua za namna hii hunifikia karibu kila msimu, na karibu kila moja ina rafiki mmoja mwenye njia ya mkato aliyoiona kwenye shindano la siku moja.

Chukueni kalamu tuifanyie hesabu. Kwa Sistimu 36, ukipata par (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo) au chini yake unapewa pointi 2, bogi (mkwaju mmoja juu ya par) pointi 1, bogi mbili (miwili juu) na kuendelea sifuri. Mwisho wa raundi pointi zako zinatolewa kwenye 36, na kinachobaki ndiyo handikapu yako ya siku hiyo. Sasa, kwenye uwanja wa par 72, mchezaji wenu bora apige par mashimo yote 18. Pointi 36, handikapu sifuri, neti (mikwaju ukishatoa handikapu) 72. Mgeni wenu wa mchezo apige bogi mbili kila shimo, jumla 108. Pointi sifuri, handikapu 36, neti 72. Sare! Mmoja amecheza gofu ya maisha yake, mwingine ameranda porini mchana kutwa, na kadi zinasema wamelingana. Ukiichambua zaidi utaona kwamba par, bogi na bogi mbili zote zina thamani ileile, kwa sababu kila mkwaju uliozidi unarudishiwa. Kinachomuumiza mtu ni bogi tatu kwenda juu, na kinachomsaidia ni bedi, yaani mkwaju mmoja chini ya par. Yaani mfumo huu haupimi kama umecheza vizuri kuliko ulivyozoea, wakati hilo ndilo jambo pekee ambalo ligi ya watu wa viwango tofauti inapaswa kupima.

Kosa lenyewe liko hapa, na ndilo kosa lilelile lililowagombanisha WhatsApp: mnadhani haki ni kurekebisha namba mpaka matokeo yawe karibu sawa. Fulani kashinda, mkateni mikwaju mitano. Fulani hajashinda mwezi mzima, muongezeeni mitatu. Handikapu ya kweli inatoka kwenye kadi za nyuma, inajulikana kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, na haijadiliwi na mtu yeyote anayeshindana nawe. Kama bora wenu alijitoa kwa sababu kila akishinda alikatwa kwa kura, mimi simlaumu hata kidogo.

Tangu mwaka 2020 kuna mfumo mmoja wa handikapu wa dunia, unaosimamiwa na R&A na USGA, vyama viwili vinavyotunga kanuni za gofu. Jiandikisheni kupitia klabu, kila mmoja wenu. Mgeni anahitaji mashimo 54 tu ili apate namba: raundi tatu za 18, au sita za 9, au mchanganyiko wake. Kwa hiyo msitoe kisingizio kwamba uwanja wa Moshi Club una mashimo 9 tu. Tangu marekebisho ya 2024, kwa mtu ambaye tayari ana handikapu, hata raundi ya mashimo 9 inaingizwa papo hapo bila kusubiri nyingine ya kuungana nayo. Mtu akiwa na kadi tatu, mfumo unachukua iliyo bora na kupunguza 2 zaidi, na kadiri kadi zinavyoongezeka namba yake inatulia. Akifikisha 20, handikapu yake ni wastani wa zile 8 zilizo bora.

Someni tena hapo: 8 bora kati ya 20. Handikapu si wastani wa mchezo wako wote, ni kipimo cha uwezo wako ukicheza vizuri. Kwa hiyo mtu hatarajiwi kuifikia kila Jumamosi. Kwa Stableford, mtindo wa kupata pointi kwa kila shimo, ambako pointi 36 maana yake umecheza sawa na handikapu yako, kurudi na 32 au 33 siku nyingi ni kawaida kabisa. Watu hawalijui hili, ndiyo maana wanalalamika kwamba "handikapu yake ni ndogo mno, hajawahi kuifikia". Mtu anayeleta 38 na 39 wiki baada ya wiki ndiye wa kumuuliza kadi zake ziko wapi.

Na kadi ziingie zote, nzuri na mbaya. Anayeleta mbovu tu anajitengenezea mikwaju ya bure, anayeleta nzuri tu anajinyima. Kuna breki mbili ndani ya mfumo: shimo moja haliwezi kuharibu hesabu kwa sababu kwa ajili ya handikapu linaishia kwenye bogi mbili za neti (yaani ukishatoa mikwaju yako ya handikapu), na namba yako haiwezi kupanda zaidi ya 5 juu ya ile ndogo kabisa uliyofikia ndani ya mwaka. Lakini hakuna breki dhidi ya uongo. Mwisho wa kurudia mpira wa kwanza "kwa kuwa hatujapasha". Mwisho wa kusema "hiyo pati chukua", yaani kumsamehe mtu mkwaju wa mwisho wa kuingiza mpira shimoni, kwenye raundi ya kuhesabu mikwaju. Kusameheana pati ni kwa mechi ya mtu kwa mtu. Kadi isainiwe na mchezaji mwenzako, si kedi anayekubebea fimbo.

Kwa ligi yenyewe ningechagua Stableford, kila mtu akipewa asilimia 95 ya handikapu yake ya uwanja (handikapu yake ikigeuzwa kuwa mikwaju ya uwanja mnaochezea), mikwaju ikigawanywa kwa kufuata namba za ugumu wa mashimo kwenye kadi. Wageni wenu wakiharibu shimo wanaokota mpira na kuendelea, hawawacheleweshi walio nyuma wala hawaiagi siku yao kwenye shimo la pili. Hesabuni raundi 10 bora kati ya Jumamosi zote. Mvua za masika zitakula siku kadhaa, na safari na misiba ipo.

Akina mama msiwaongezee chochote "kwa sababu ni akina mama". Tii hupimwa ugumu wake kivyake kwa wanaume na kwa wanawake, na handikapu ya uwanja tayari imebeba tofauti hiyo. Hesabu hiyohiyo ndiyo itakayowabadilishia mikwaju mkitoka Moshi kwenda kucheza kule Kili Golf, Usa River, au Arusha Gymkhana. Index, yaani handikapu yako ya msingi, inabaki ileile, mikwaju inabadilika kulingana na uwanja.

Jambo la mwisho linawahusu wengi kuliko ninyi wanane. Namba ya Sistimu 36 inakufa jioni ileile, lakini naona watu wanaibeba. Mtu anapewa 14 kwenye shindano la kampuni, anaiandika kwenye fomu ya shindano lijalo kana kwamba klabu imempa, na waandaaji wanaipokea kwa sababu wanataka fomu zijae. Wengine wanatumia programu za simu ambazo hakuna chama kinachozitambua, mtu anajijazia alama akiwa kitandani. Wadhamini nao wameanza kuweka bahasha za pesa kwa washindi wa neti. Chini ya kanuni za 2022, mchezaji wa ridhaa haruhusiwi kupokea pesa taslimu kama zawadi kwenye shindano la handikapu. Kidau chenu cha marafiki, kidogo, cha hiari na cha kutoka mifukoni mwenu wenyewe, ni suala jingine. Ila mkialikwa kwenye shindano lenye bahasha na handikapu za papo hapo, rudisheni fomu.