Kumzoesha kasuku mchaguzi kula peleti

Chiku aliingia nyumbani kwetu Majengo, Mombasa, na tabia zake kamili. Shangazi yangu alimfuga miaka mingi, na alipohamia Lamu akaniachia ndege, tundu na mfuko wa alizeti. Tulianzia KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa ajili ya kibali, kwa kuwa kasuku wa kijivu hafugwi Kenya bila kibali. Kisha shangazi akaniusia: "Mwanangu, huyu ni alizeti tu. Kingine chochote atakitupa chini."

Alisema kweli. Lakini alizeti ina mafuta mengi, kalsiamu kidogo, na vitamini A karibu haimo kabisa. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo akanionyesha madoa meupe ndani, akaniambia hiyo ni dalili ya kukosa vitamini A. Kalsiamu nayo ikipungua sana, kasuku wa kijivu anaweza kushikwa na degedege. Daktari akashauri sehemu kubwa ya mlo iwe peleti, zile punje zilizosagwa na kushindiliwa pamoja na madini na vitamini, na iliyobaki iwe mboga na matunda.

Aliyeniuzia peleti alinipa ushauri ambao bado unaniuma: "Toa mbegu zote. Njaa ikimshika atakula." Nikazitoa. Siku ya nne Chiku alikuwa kimya, kinyesi chake kidogo na cha kijani kilichokoza, mfupa wa kidari ukichoma vidole. Kwa daktari alikuwa na gramu 430. Siku hiyo nilimkuta na 385. Usiku uleule nikamrudishia alizeti, nikakaa karibu na tundu mpaka nikasikia maganda yakidondoka.

Nilichokielewa baadaye ni kwamba Chiku hakuwa akiringa. Ndege aliyekulia mbegu hazijui peleti kuwa chakula. Kwake ni kama changarawe. Anaweza kulala njaa na bakuli limejaa mbele yake. Kwa hiyo usimkomeshe. Mfundishe.

Jambo la kwanza ni mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hiyo ni hatari: mrudishie mbegu na umpigie daktari. Mimi sifiki huko. Gramu 20 zikipungua ninasimamisha zoezi. Na usianze kama ndege ni mgonjwa.

Mlango ulifunguka wakati wa chai ya asubuhi. Kasuku ni ndege wa kundi, na kundi la Chiku ni sisi. Kila tukiketi kwa mahamri na mbaazi alikuwa akipiga kelele, anataka tunachokula. Nikaweka peleti kwenye sahani yangu, nikazitafuna mbele yake taratibu (zina ladha ya mahindi makavu), wala sikumpa. Siku ya tatu alinyoosha shingo akaninyang'anya moja. Aliivunja tu akaitupa, lakini nilifurahi mno, kwa sababu mdomo ulikuwa umeigusa.

Kuanzia hapo nilichemsha viazi vitamu vya rangi ya machungwa bila chumvi, nikavipondaponda na peleti zilizosagwa, juu nikanyunyiza alizeti chache. Ili azipate mbegu ilimbidi aonje kile kiazi. Kila baada ya siku chache nilizidisha peleti na kupunguza kiazi, na sikuzisaga laini tena, mpaka zikabaki punje kavu. Uji huo alipewa asubuhi akiwa na hamu, na mbegu zake za kawaida jioni, kwa kipimo. Kwa joto letu chakula chenye majimaji kisikae tunduni zaidi ya muda wa saa mbili, kinachacha upesi.

Ilichukua wiki kumi. Wiki ya tano alirudi nyuma kabisa, tukaanza upya. Wengine huhitaji muda zaidi, na haina neno.

Unyevu wa pwani ni adui mwingine. Wakati wa mvua za kusi mfuko uliofunguliwa huota ukungu. Nunua mfuko mdogo, utie peleti kwenye mkebe wenye mfuniko wa kukaza. Zikinuka uvundo, tupa, hata kama zilikugharimu. Njugu pia nimeziacha, kwa hofu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu.

Akishakubali peleti, usimwongezee matone ya vitamini kwenye maji. Tayari zimo, na zikizidi zinadhuru. Mpe sukuma wiki, karoti, boga, papai na embe la soko la Kongowea. Hata pilipili hula kwa raha, kwani ndege hawausikii ukali wake. Parachichi kamwe, ni sumu kwao. Chokoleti na kahawa vilevile. Na umtoe barazani apate jua la asubuhi lenyewe, siyo la kupitia kioo, kwa kuwa ndilo linalomsaidia kuitumia kalsiamu.

Alizeti sijamnyima. Jioni nazishika kiganjani, kumi tu, na humpa mojamoja kila anaporuka kutoka tunduni kuja mkononi mwangu.