Asilimia 70, pensheni iliyokatwa na mkataba wa kampuni: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu mdogo wake wa Texas

Dada, nimesoma swali lako lote. Umesema mdogo wako amestaafishwa jeshini kwa sababu za kiafya baada ya miaka tisa, VA, idara ya shirikisho inayohudumia waliowahi kuwa jeshini, wamempa ulemavu wa asilimia 70, halafu pensheni ya jeshi ikakatika. Sasa kuna kampuni inamwambia itampandisha hadi 100, na malipo yao ni nyongeza ya miezi mitano. Unauliza kama kadhulumiwa, kama asaini, na wakili wa bure anapatikana wapi.

Mimi niliingia jeshi la Marekani kupitia MAVNI, ule mpango uliochukua wahamiaji wenye lugha fulani, Kiswahili kikiwemo. Nilitoka na mgongo mbovu. Siku hizi najitolea kutafsiri kwenye kliniki ya msaada wa kisheria hapa hapa Texas. Si wakili, nakueleza ninayoyaona mezani.

Kwanza kabisa: asisaini. Nitarudi hapo.

Pensheni haijaibiwa, imekatwa kisheria. Tangu 1891 sheria ilikataza mtu kupokea pensheni ya jeshi na fidia ya ulemavu kwa pamoja, kila dola ya VA ilikata dola ya pensheni. Kuanzia 2004 Kongresi ikalegeza kidogo kidogo, na kufikia 2014 waliotumikia miaka 20 wenye asilimia 50 kwenda juu wakawa wanapata vyote viwili. Walioachwa nje ni kina mdogo wako, waliotolewa kwa maradhi kabla ya kufikisha miaka 20. Kuna muswada wa kuwasaidia wale walioumia kwa sababu za kivita, Major Richard Star Act, na umerudishwa Kongresi tena na tena. Kwangu mimi hii ni dhuluma. Pensheni ni ujira wa miaka uliyotumika, fidia ni ya mwili uliouharibu huko, na serikali inavihesabu kuwa kitu kimoja.

Asikate tamaa lakini. Kuna malipo yanaitwa CRSC, ya kurudisha sehemu ya pensheni iliyokatwa, yalianza 2003, na hata mwenye miaka tisa anaweza kuyapata iwapo maumivu yake yanahusiana na vita. Watu wengi hawaombi kwa sababu wanadhani lazima uwe umepigwa risasi. Sivyo. Mazoezi yanayoiga vita yanahesabika, kazi za hatari zinahesabika, na ajali ya chombo cha kivita inahesabika. Fomu ni DD 2860 na inapelekwa kwenye tawi lake la jeshi, haipelekwi VA. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Soto, iliamua kwamba ile kanuni ya kulipa malimbikizo ya miaka sita tu haihusu CRSC, kwa hiyo aliyechelewa bado ana la kudai.

Turudi kwenye kampuni. Wanamuahidi 100, basi piga hesabu nao. VA hawajumlishi asilimia kama sisi. Tuseme 70 yake imetoka kwenye mgongo 50 na goti 30. Ukitoa 50 anabaki na nusu ya mwili mzima, kisha 30 inachukuliwa kwenye hiyo nusu, inakuwa 15. Jumla 65, inakuzwa kuwa 70. Sasa wakimwongezea pumu ya asilimia 30, inachukuliwa kwenye 35 iliyobaki: anafika 76, inakuzwa kuwa 80. Ili kuandikiwa 100 lazima afike 95. Ukiona mtu anaahidi 100 kabla hajaona faili, ujue anauza matumaini.

Na kuna sheria hapo. Chini ya sheria ya shirikisho, hakuna anayeruhusiwa kutoza ada ya kuandaa dai kabla VA hawajalitolea uamuzi wa kwanza, na anayemwakilisha veterani lazima awe amesajiliwa na VA. Hizi kampuni hujiita washauri ili zikwepe neno wakili, na sheria ya shirikisho haina adhabu ya jinai ya kuwabana. Ndiyo maana majimbo yameanza kuingilia yenyewe. New Jersey ilipitisha sheria ya kuwazuia 2023, Maine ikafuata 2024, na Louisiana mwaka huo huo ikaenda upande mwingine, ikaruhusu ada kwa kikomo. Kazi hiyo hiyo inafanywa bure na Texas Veterans Commission, na maofisa wa kaunti, na vyama vya maveterani kama DAV na American Legion.

Kama alitumikia Djibouti au Somalia, kama wengi wetu tuliopelekwa upande ule, amweleze mapema ofisa atakayemsaidia. Sheria ya PACT ya Agosti 2022 inachukulia kuwa pumu iliyogunduliwa baada ya kutumikia huko imetokana na utumishi, hahitaji kuthibitisha chanzo.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosa. Umeandika kwamba ameshindwa kukaa kazini kwa sababu ya mgongo. Mwenye jumla ya 70, ikiwa ulemavu mmoja unafika 40, anaweza kuomba alipwe kwa kiwango cha 100 kwa sababu hawezi kudumu kwenye kazi ya kumlisha. Inaitwa TDIU. Na hapa sheria ya jimbo inaingia: Texas inamfutia kodi yote ya nyumba anayoishi veterani anayelipwa kwa 100, na wa TDIU wamo. Akibaki kwenye 70, anapunguziwa dola 12,000 tu kwenye thamani ya nyumba. Tofauti hiyo ni maelfu ya dola kila mwaka, maisha yake yote, na ikitokea amefariki mjane wake anaendelea kusamehewa mradi hajaolewa tena. Nyongeza nyingine za jimbo nazitaja tu: mpango wa Hazlewood unafuta karo ya masaa 150 ya masomo kwenye vyuo vya umma, na akiajiriwa na jimbo au akiwa mwalimu anaweza kununua hadi miaka mitano ya utumishi wa jeshi iingie kwenye pensheni ya kazi hiyo. Masharti yapo, aulize mfuko wake wa pensheni mwaka wa kwanza wa ajira.

Lakini haki za jimbo hazijileti zenyewe. Pale kliniki alikuja mama mmoja wa kwetu, mjane. Mumewe alikuwa na 100. Ofisi ya kaunti ilimkatalia msamaha wa kodi kwa sababu ya majina. Hati ya nyumba ilikuwa na majina matatu, DD214, yaani cheti cha kutoka jeshini, majina mawili, na barua ya VA imetanguliza jina la babu. Sisi tunajua ni mtu mmoja, ndivyo majina yetu yalivyo. Karani alikuwa anaona watu watatu. Wakili wa msaada wa kisheria alikaa naye, akaandika hati ya kiapo, akaambatanisha cheti cha ndoa na cheti cha kifo, akaomba na miaka ya nyuma kwa sababu sheria inamruhusu aliyechelewa. Yule mama alisamehewa. Bila wakili yule angeendelea kulipa kodi asiyodaiwa hadi auze nyumba.

Na wakili huyo hakuhakikishiwa na katiba. Uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Gideon, 1963, ulimpa mshtakiwa wa jinai wakili wa serikali. Kwenye madai, yaani kodi, nyumba, talaka, mafao, huna haki hiyo. Kuna Legal Services Corporation, iliyoundwa kwa sheria ya 1974, inayogawa fedha za shirikisho kwa ofisi za majimboni, na kwa kawaida inahudumia wenye kipato kisichozidi asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Ripoti yake ya 2022 ilikuta kwamba matatizo 92 kati ya 100 ya kimadai ya watu wa kipato cha chini hayakupata msaada wowote au hayakupata wa kutosha. Chanzo kingine cha fedha ni riba: pesa za wateja ambazo mawakili wanazishika kwa muda mfupi benki zinawekwa pamoja, na riba yake inakwenda kwenye msaada wa kisheria. Florida ilianza 1981, sasa ni majimbo yote. Ubaya wake ni kwamba riba ikishuka, kama baada ya 2008, mfuko unanyauka wakati huo huo ambapo watu wanafukuzwa majumbani. Bunge la jimbo lisipotenga fungu lake, ofisi inapunguza mawakili. Mimi naamini anayepitisha sheria ya mafao bila kutenga fedha ya mtu wa kuyadai amefanya nusu ya kazi.

Kwa hiyo akipiga simu ofisi ya msaada wa kisheria, aseme mwanzo kabisa kwamba ni veterani. Ofisi nyingi zina fungu la maveterani lenye kikomo cha kipato kilicho juu zaidi, ila wa mapokezi hawaulizi kila mara. Aende na DD214 yenye boksi la 23 hadi 30, barua ya VA nzima pamoja na kurasa za maelezo ya kila ugonjwa, na ule mkataba wa kampuni ambao hajasaini.

Na wiki hii, kabla ya yote hayo, aingie VA.gov ajaze kusudio la kudai, yaani taarifa kwamba atafungua dai. Tarehe hiyo inamlinda mwaka mzima wakati anakusanya ushahidi. Kama barua ya 70 haijatimiza mwaka, bado anaweza kuipinga bila kupoteza tarehe ya mwanzo. Niandikie tarehe iliyo juu ya hiyo barua, nikuambie amebakiwa na muda gani.