Swali Lako: Nijaze Maganda Mwenyewe au Tatizo ni Mimi?

SWALI: Shikamoo mzee wa shabaha. Nina bunduki yangu ya risasi za .308, kibali ninacho, kila kitu halali, ila risasi za dukani zinanitoa roho. Wiki iliyopita nimepiga tatu mita 100 matundu yakagusana kabisa, nikapiga picha nikaitunza. Juzi boksi lilelile, tatu tena, zimetawanyika sentimita 5! Rafiki yangu anasema dawa ni kujaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, mwenyewe nyumbani, kila chembe ya baruti unaipima, ndo nimeanza kutafuta mashine. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Subiri kwanza. Sijasema usijaze kabisa, mimi mwenyewe najaza na naipenda kazi yenyewe, ila ulichonieleza hapo hakijaonyesha kama risasi ndo zina kosa. Matundu matatu ni machache mno bana. Ukipiga bunduki ileile na risasi zilezile mara nyingi, makundi ya risasi kumi kwa wastani yanatoka mapana zaidi ya makundi ya tatu kwa karibu asilimia 60, na hapo hamna kilichoharibika, ni kwamba kila risasi unayoongeza ina nafasi ya kutoka nje ya wenzake. Kwa hiyo ile picha uliyoitunza na zile sentimita 5 zinaweza kabisa kuwa bunduki ileile, risasi zilezile, siku mbili tofauti. Ulipiga picha ya bahati yako.

Fanya hivi, chukua risasi ishirini za boksi moja, piga zote kwenye karatasi moja, taratibu, mtutu ukipata moto pumzika, afu itazame karatasi imekaaje, maana umbo lake linasema mengi. Zikitandaa kulia na kushoto shuku upepo au kidole chako kwenye traiga. Zikipanda na kushuka angalia pumzi yako na namna kitako kinavyokaa begani na kwenye mfuko wa mchanga. Zikitoka makundi mawili, yote mazuri, ila yako mbalimbali, hapo kuna kitu kimelegea.

Mimi hayo ya kulegea yamenipata. Nilikuwa na bunduki inayopiga pembeni kila baada ya risasi saba nane hivi, nikabadilisha aina ya risasi, nikabadilisha tena, nikaanza kupima vichwa vya risasi, yaani kile kipande kinachoruka, kimoja kimoja kwa mizani kama muuza dhahabu, miezi mitatu hiyo. Siku moja naipangusa, nimeishika darubini kwa kiganja nikaisukuma kidogo kwa dole gumba, nikasikia tk. Skrubu ya pete ya mbele inayoishika darubini, imelegea. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Kuna na hili la jicho, wengi hawalijaribu. Iweke bunduki imara kwenye mifuko isitikisike, usiiguse, chungulia kwenye darubini afu sogeza kichwa kidogo juu chini, kushoto kulia. Ule msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini ukitembea juu ya karatasi na bunduki haijasogea, basi kila unapoweka shavu mahali tofauti unalenga mahali tofauti. Kama darubini yako ina kirekebishi cha umbali kizungushe mpaka msalaba utulie, kama haina basi ujizoeze kuweka shavu palepale kila mara. Hiyo haigharimu kitu.

Sasa tuje kwenye baruti yenyewe, maana rafiki yako hajakosea kote. Anayejaza anatafuta usawa, kila risasi itoke na kasi ileile. Ila piga hesabu. Risasi yako inatoka na mita kama 800 kwa sekunde, mpaka mita 100 inatumia kama sekunde 0.13, na katika muda huo dunia imeivuta chini sentimita 8 na kidogo. Moja ikitoka na kasi pungufu kwa asilimia 2, yaani mita 16 kwa sekunde, ambayo ni tofauti kubwa tu, itashuka chini ya mwenzake kwa milimita 3 hivi. Tatu! Wewe unalalamikia sentimita 5. Mita 800 au 900 ni habari nyingine, huko tofauti hiyohiyo inakutoa nje ya shabaha, na wanaopiga mbali wana haki ya kukesha na mizani. Faida ya karibu zaidi ni kupata kichwa cha risasi ambacho mtutu wako unakipenda, lakini hilo unaweza kulianza hata kwa kununua boksi moja moja za uzito tofauti. Ukiona tundu refu kama la ufunguo badala ya duara, kichwa kimefika kimelala ubavu, mara nyingi ni kirefu mno kwa mzunguko wa mifereji ya mtutu wako, ile iliyo ndani inayokizungusha kichwa.

SWALI: Mimi napiga bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo, mita 50, mashindano. Naweza kujaza za kwangu nione kama nitaongeza pointi?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hizo hazijazwi upya. Kile kinachowasha baruti kimo ndani ya ukingo wa ganda, pini ikishaubonyeza basi, ganda limekwisha. Lakini kwenu nyie kasi ndo inauma zaidi, maana risasi yenyewe ni ya polepole, kama mita 330 kwa sekunde, na tofauti ya asilimia 2 kwa mita 50 ni karibu milimita 5 juu chini. Duara la kumi lina upana wa milimita 10.4, jipimie mwenyewe. Ndo maana washindani wanajaribu boksi za namba tofauti za uzalishaji, jina lilelile, kiwanda kilekile, afu wakipata namba ambayo mtutu unaikubali wananunua nyingi kwa mkupuo. Fanya hivyo na wewe, kumi kumi, siku isiyo na upepo, usihukumu kwa tano.

SWALI: Jamaa yangu kaniambia kiasi cha baruti anachojaza yeye, kwake risasi zinagonga palepale. Nitumie kama kilivyo?

JIBU: Usitumie. Ganda la kiwanda kimoja lina nafasi ndogo ndani kuliko la kingine, baruti ileile kwenye nafasi ndogo inasukuma kwa nguvu zaidi, na chemba yake, pale risasi inapokaa kwenye bunduki, sio yako. Kitabu cha mtengenezaji wa baruti ndo kinasema, unaanza chini kabisa kama kilivyoandika, na mezani linakaa kopo moja tu la baruti, simu iko chumba kingine. Na lile kopo ambalo lebo yake imebanduka, usimuulize mtu akunusie, hiyo baruti usiitumie tena.