Barua kwa binti yangu kuhusu ule mkataba wa maonyesho ya barafuni

Binti yangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama mbele ya mashine ya kunolea, nikasahau kabisa kwamba jiwe linazunguka.

Unaniambia umepewa mkataba wa miezi tisa kwenye onyesho la barafuni linalosafiri mji hadi mji, na kocha wako amekuambia njia hiyo ni ya walioshindwa. Kisha unaniuliza mambo mawili. Je, ukienda, miaka 16 ya mashindano ya kuteleza barafuni itakuwa imepotea bure? Na siku ukirudi ukitaka kufundisha, nani atamkabidhi mtoto wake kocha ambaye hajawahi kupanda jukwaa la washindi wa dunia?

Mimi sijawahi kuruka barafuni, unajua. Hata kutembea juu yake hutembea nimeshika ukuta. Lakini tangu ukiwa na miaka saba nimekuwa nikinoa vyuma vya viatu vya kutelezea, kwanza vyako, kwa kuwa kumlipa fundi kila mwezi kulitushinda, baadaye vya uwanja mzima. Viatu vya watu wa mashindano, vya watu wa maonyesho na vya makocha vyote vimepita mikononi mwangu. Nitakujibu kwa niliyoyaona huko, na kwa historia ya mchezo wako, ambayo nimeisoma usiku mwingi nikikungoja umalize mazoezi.

Nianze na neno la kocha wako, maana limeniuma.

Sonja Henie wa Norwei alichukua dhahabu ya Olimpiki mara tatu, 1928, 1932 na 1936, na ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo. Mwaka huohuo wa 1936 aliacha mashindano, akaenda Marekani kuigiza filamu na kuongoza maonyesho yake mwenyewe ya barafuni. Hakwenda huko kwa kushindwa. Alikuwa amemaliza kila kilichokuwepo cha kushinda, na mashindano ya siku zile hayakumlipa mtu. Sheria nayo ilikuwa kali: ukishapokea ujira wa kuteleza, hurudi tena mashindanoni. Dick Button wa Marekani, bingwa wa Olimpiki wa 1948 na 1952, naye alipita njia hiyohiyo, akajiunga na kundi la maonyesho la Ice Capades huku akisomea sheria. Mlango ulikuja kufunguliwa mwaka 1994 kwenye Olimpiki ya Lillehammer, Norwei, wakaruhusiwa waliokuwa wameshaingia kwenye maonyesho kurudi. Mabingwa wa zamani wa Olimpiki walirudi: Brian Boitano akawa wa sita, Katarina Witt akawa wa saba, lakini Ekaterina Gordeeva na Sergei Grinkov walirudi wakatwaa dhahabu ya wawiliwawili kwa mara ya pili. Watu hao walikuwa wakila kwa maonyesho. Sasa aliyeshindwa hapo ni yupi?

Na kuna Surya Bonaly wa Ufaransa, ambaye najua ulibandika picha yake juu ya kitanda chako. Bingwa wa Ulaya mara tano, wa pili duniani mara tatu. Mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwili ukiwa umeshaumia na medali zikiwa mbali, alijirusha kinyumenyume hewani akatua kwa mguu mmoja. Mruko huo ulikuwa umepigwa marufuku tangu miaka ya sabini, majaji wakamkata alama, akamaliza wa kumi. Baada ya hapo akaingia kwenye maonyesho, na mruko uleule uliomkosesha alama ndio watu walioununulia tiketi miaka na miaka. Marufuku yenyewe iliondolewa mwaka 2024. Nikifikiri jambo hilo moyo hunijaa. Alichokuwa nacho mwilini kilikuwa na thamani siku zote. Kilichokosekana ni karatasi ya majaji yenye mahali pa kukiandika.

Lakini sitaki udhani nakupamba tu. Maonyesho ni kazi nyingine kabisa, na ukienda ukidhani ni mashindano yaliyolegezwa, utaumia.

Mwaka jana alinijia mama mmoja aliyekuwa amesafiri na maonyesho miaka 11. Viatu vyake vilikuwa vimezungushiwa utepe wa rangi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka, na nilipoubandua chini yake nikakuta ngozi ya kiatu imelainika kama kitambaa. Soli ilikuwa imevimba kwa maji, skrubu mbili zimezungushwa mpaka hazina kichwa. Kingo za chuma zilikuwa na mapengo madogomadogo, nikamuuliza ni ya nini. Akasema ni ya kukimbia nyuma ya pazia. Unatoka barafuni gizani, una sekunde chache za kubadilisha vazi, huna muda wa kuvaa vifuniko vya vyuma, unakanyaga chochote kilichoko sakafuni, unarudi. Siku za mwisho wa wiki hufanya hivyo mara mbili, pengine mara tatu kwa siku.

Nikamuuliza kama alikuwa bado anaruka mizunguko mitatu. Akacheka. "Mzee," akaniambia, "mizunguko mitatu unaweza kuiruka leo. Swali ni unaweza kuruka nini Jumapili jioni, onyesho la nane, taa imekupiga machoni huoni barafu, na mwenzako yuko hatua mbili kushoto?" Akanieleza kwamba mwaka wake wa kwanza alilia, si kwa kuchoka, bali kwa kuwa hakuna aliyempa alama. Alizoea kuambiwa kwa tarakimu kuwa leo amekuwa nani. Kwenye onyesho unamaliza, watu wanapiga makofi, kesho unaanza upya na watu wengine. Ilimchukua msimu mzima kujifunza kumtazama mtu aliyekaa safu ya nyuma kabisa na kuteleza kwa ajili yake.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa gumu kwako, binti yangu, kuliko safari na masanduku. Wewe umelelewa na alama. Nakumbuka shindano lako la mwisho, ulipoanguka kwenye mruko wa pili, ukainuka, ukamaliza dakika zako nne zote bila kuacha hata hatua moja. Ulipokaa pale wanapongojea matokeo, kocha wako alikuwa amekodoa macho kwenye skrini ya alama. Wewe hukutazama. Ulikuwa umeinama unafuta vyuma vyako kwa kitambaa, polepole, kuanzia kisiginoni hadi kwenye meno ya mbele, kama nilivyokufundisha. Nilikuona toka juu, nikajua kuwa jambo fulani limekwisha. Na kabla ya hapo nilishajua. Skrubu za kiatu chako cha kulia, kile unachotua nacho, zilikuwa zikilegea kila wiki, na ulikuwa umeanza kuniomba niweke sponji karibu na kifundo cha mguu. Ukiwa na miaka 23 unatua kwa mguu uleule maelfu ya mara kwa mwaka. Hakuna fundi anayeweza kulinoa hilo likaondoka.

Sasa swali la pili, la ukocha, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi hasa.

Mtafute Frank Carroll kwenye kumbukumbu za mchezo wenu. Hakuwahi kuwa bingwa wa taifa wa Marekani kwa wakubwa. Alifundishwa na Maribel Vinson-Owen, mwanamke aliyekuwa bingwa wa taifa hilo mara tisa. Kisha Carroll akaacha mashindano, akateleza na kundi la maonyesho la Ice Follies miaka kadhaa. Mwaka 1961 ndege iliyobeba timu nzima ya Marekani ilianguka karibu na Brussels ikielekea mashindano ya dunia, na Vinson-Owen akafa humo pamoja na binti zake wawili. Mwanafunzi wake aliyekuwa kwenye maonyesho alibaki hai, na baadaye akawa mwalimu. Alimfundisha Linda Fratianne, akamfundisha Michelle Kwan kwa karibu miaka kumi, na wote wawili wakaikosa dhahabu ya Olimpiki kwa hatua moja. Aliipata mwaka 2010 kupitia Evan Lysacek, akiwa na miaka 71. Hebu hesabu mwenyewe ni asubuhi ngapi amesimama kwenye baridi kando ya barafu kabla ya hapo.

Na kuna Mabel Fairbanks, ambaye nikimsimulia huwa sauti inanibadilika. Alikuwa Mmarekani Mweusi, na katika miaka yake ya ujana viwanja vilimfungia milango na mashindano hayakumpokea kwa sababu ya rangi yake. Hakupata nafasi ya kupimwa na majaji mashindanoni. Alichoachiwa ni maonyesho tu, na hayo aliyafanya mpaka ng'ambo. Kisha akakaa Los Angeles akafundisha watoto, wakiwemo wale ambao wengine hawakutaka kuwafundisha. Ni yeye aliyewashikanisha mikono Tai Babilonia na Randy Gardner wakiwa bado wadogo, wakaja kuwa mabingwa wa dunia mwaka 1979. Mwaka 1997 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya mchezo huo nchini Marekani, wa kwanza miongoni mwa Wamarekani Weusi. Basi akikuuliza mtu kama kocha lazima awe na medali, mtajie jina hilo.

Wenye medali kubwa nao wamepita kwenye maonyesho kabla ya kufundisha. Brian Orser wa Kanada, wa pili Olimpiki 1984 na 1988, alisafiri miaka mingi na maonyesho, akaanza ukocha Toronto mwaka 2006. Miaka minne baadaye Kim Yuna akachukua dhahabu chini yake, kisha Yuzuru Hanyu 2014 na 2018.

Ila ukocha usiufikirie kwa majina hayo tu. Makocha ninaowanolea hapa viatu vyao karibu havihitaji kunolewa, vyuma vimefanya kutu kidogo kwa kusimama. Hulipwa kwa somo. Mtoto akiugua hakuna somo, familia ikisafiri hakuna somo, na mwanafunzi uliyemlea miaka sita anaweza kuhamia kwa mwingine kwa ujumbe mfupi wa simu. Anayedumu ni yule anayeweza kueleza kwa maneno kitu ambacho mwili wake ulikifanya bila maneno. Wewe hilo bado hulijui. Ukiulizwa kwa nini mruko wa Axel, ule unaoanza ukitazama mbele, unatoka vizuri unasema "nahisi tu". Mtoto wa miaka tisa hawezi kuhisi kwa kutumia mwili wako.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: nenda, lakini huko uendako anza kufundisha. Kwenye kundi kutakuwa na vijana wapya, waelekeze hatua. Anza masomo ya cheti cha ukocha cha shirikisho mapema, hata kama ni sehemu moja kwa mwaka. Andika daftari kila usiku, kilichofanya kazi na kisichofanya. Na kifundo hicho kipumzishe miruko mikubwa, maonyesho hayatakudai.

Kabla hujatia sahihi, waulize haya na majibu yawe kwa maandishi. Ukiumia wiki ya pili, nani anakutibu, na mshahara unaendelea? Ni maonyesho mangapi kwa wiki, na siku ya kupumzika ni moja kweli au ni ya kusafiri? Viatu vikifa katikati ya msimu, ni juu ya nani? Kocha wako muage kwa heshima, aliamka alfajiri kwa ajili yako miaka mingi. Neno lake lile nimeshalijibu mimi, usilijibu wewe.

Na uwaulize jambo moja kwa ajili yangu. Umezoea barafu ya mita 60 kwa 30. Yao ina ukubwa gani, na ni ngumu au laini? Ikiwa ni ile ndogo ya kufungwa na kufunguliwa kila mji, utafika ukutani kabla hujamaliza kupinda, nami nitahitaji kubadilisha kina cha bonde kati ya kingo zako mbili. Niandikie wakikujibu, kisha uniletee jozi zote mbili, na ile ya zamani pia. Skrubu nimeshanunua.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.