Tapeti zimenyamaza, piki inazima

SWALI: Habari fundi. Miezi minne iliyopita nilinunua pikipiki mpya ya cc 150, na bado nailipia kila siku. Naendesha boda, steji yetu iko Kangemi. Asubuhi inawaka kwa kugusa tu. Nikibeba abiria kupanda Waiyaki Way kwenda Kikuyu, tukikaribia Kinoo inaanza kukosa nguvu, halafu inazima. Nikipiga kiki inashuka laini tu, kama nakanyaga sponji. Nikingoja dakika 15 inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimeirudisha dukani mara mbili. Wanaiwasha, wanazunguka nayo uani, wananiambia haina shida. Mafundi wa mtaani wamesafisha kabureta mara nne na kubadilisha plagi mara tatu. Mmoja alipanua jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta, mwingine akatoa filta ya hewa. Mwanzoni piki ilikuwa sawa kabisa, ila tapeti zilikuwa zinalia kidogo, fundi wa pale steji akazikaza zikanyamaza. Sasa ninunue kabureta nyingine ama nibadilishe koili?

Mwendesha boda, Kangemi

JIBU: Usinunue chochote, ndugu yangu. Jibu umeliandika mwenyewe, ukalipita kama mtu anayempita jirani asiyemdai. Liko pale kwenye tapeti, zile skrubu ndogo za juu ya injini zinazopanga nafasi ya vali.

Kwanza hiyo kiki. Injini isiyo na ubovu, ukikanyaga kiki yake polepole, kuna mahali mguu unakataa: pistoni imebana hewa na hewa haina pa kutokea. Kabureta iwe mbovu namna gani, koili iwe imekufa kabisa, kiki bado itakusukuma mguu. Ikishuka laini, hewa inavuja. Ingevuja kwenye ringi, yale mapete ya pistoni, ingevuja asubuhi pia, tena zaidi. Yako inavuja ikiwa moto na kuziba ikipoa. Hiyo ni vali isiyofunga, yaani mlango mdogo wa kuingiza hewa au kutoa moshi juu ya silinda. Petroli na umeme tumeshaviondoa kwenye orodha na hatujashika hata spana moja. Kabureta imefunguliwa mara nne bure, na kila safari umelipa wewe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kila wiki. Waendeshaji wengi, na mafundi wao, wanaamini injini kimya ndiyo injini nzima. Piki mpya ikitoa ule mlio mwembamba wa juu, kama cherehani ya chumba cha pili, mwenye piki anaona aibu pale steji. Wenzake wanamwambia imechoka kabla ya kuzaliwa. Anakimbilia fundi, fundi anafungua vile vifuniko viwili vidogo, anakaza tapeti mpaka mlio unapotea, anapewa mia mbili na asante juu. Kila mtu anaenda nyumbani akiwa na furaha. Injini peke yake ndiyo inayojua ilichofanyiwa.

Ule mlio ni nafasi. Kati ya roka, yaani mkono unaosukuma vali ifunguke, na ncha ya vali, waliounda injini waliacha upenyo kwa makusudi. Kwenye piki za aina yako ni sehemu moja ya kumi ya milimita au pungufu, yaani kama unene wa karatasi ya fotokopi. Chuma kikipata moto hutanuka, na vali ikirefuka kidogo inakula ile nafasi. Nafasi ikiwepo, vali bado inarudi na kukaa vizuri kwenye kiti chake. Nafasi ikiwa imemalizwa na spana ya fundi, vali inarefuka na kukuta roka imeishikilia. Inabaki wazi kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, na hewa inapita hapo. Piki inapoteza nguvu, inazima, kiki inakuwa sponji. Ikipoa, vali inajivuta, inafunga, na wewe unaiwasha na kuendelea na safari ukidhani shetani wa Kinoo amekuachilia.

Kuna ubaya mkubwa kuliko kuzima. Vali ya ekzosi inapigwa na moshi wenye joto la zaidi ya nyuzi 600, na njia yake kubwa ya kupoa ni kukalia kiti chake, ili joto lihamie kwenye hedi, kile kichwa cha injini, na kutoka kupitia zile mbavu za nje. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, vali inafunguka na kufunga mara 50 kila sekunde. Kila mara inapaswa kupumzika pale kitini, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua. Iliyokazwa haipumziki. Inaungua ukingoni kama chapati iliyosahaulika jikoni, na ikishaungua, kuilegeza tapeti hakutakusaidia.

Tena piki mpya ndiyo ya mwisho kabisa kukazwa tapeti bila kupima. Katika kilomita za mwanzo vali zinajitafutia makao, zinazama kidogo kwenye viti vyao, na nafasi inapungua yenyewe bila mtu kugusa. Ndiyo maana kitabu kinataka tapeti zipimwe kwenye sevisi ya kwanza. Nakuuliza: sevisi hiyo walipima, au walimwaga oili, wakaweka nyingine na kupiga muhuri? Nahisi jibu nalijua. Kwa hiyo nafasi ilikuwa inaelekea kupungua, halafu akaja huyo wa steji akamalizia kilichobaki.

Fundi huyo alipima kwa nini? Muulize. Chombo cha kazi hii kinaitwa fila geji, fungu la visu vyembamba vya chuma, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Kinaingia mfuko wa shati. Ukishuka Kirinyaga Road, pale tunapopaita Grogan, hutakosa duka linalokiuza, na bei yake haifiki hata ya kabureta unayotaka kununua. Ila nikiwauliza vijana wengi wanaokaza tapeti wanipe yao, wananionyesha kidole gumba. Wengine wanatumia kipande cha wembe. Yupo mmoja aliniambia kwa uso mkavu kwamba yeye hutumia sikio, kana kwamba anapiga gitaa.

Dukani nao hawakukutendea haki, ingawa sidhani walikudanganya. Piki ilifika kwao imepoa, wakaiwasha, wakazunguka uani dakika tatu. Ugonjwa wa moto hauonekani kwenye injini baridi. Ungeendesha kutoka Kinoo mpaka mlangoni kwao bila kuizima, ukamwambia fundi wao akanyage kiki hapo hapo kwa mguu wake mwenyewe, maneno yangebadilika. Ukirudi, dai karatasi ya kazi iandikwe unachosema wewe: inazima ikiwa moto, kiki inalegea. Usikubali waandike tu “imekaguliwa”. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na karatasi ndiyo inayokupa pa kusimamia. Ila sitakuficha: tangu fundi wa steji atie spana kwenye injini, duka lina mlango wa kutokea. Watasema tapeti zilikazwa nje, na watakuwa wanasema kweli.

Kuhusu jeti na filta nitasema haraka maana nikikaa hapo nitatukana. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, Limuru imepita 2,200. Hewa ya huku ni nyepesi, na inazidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda. Injini inayopata hewa kidogo inataka petroli kidogo, sasa huyo aliyekupanulia jeti kwa waya alikuwa anatibu nini? Jeti ni shaba laini, ukishaikwaruza haina marudio. Weka mpya ya namba ile ile ya kiwandani. Filta irudishwe leo, kabla hujafanya jingine lolote, kwa sababu vumbi unalomeza kila unapokata barabara ya murram linakwangua silinda, na hapo ndipo utapata ugonjwa wa ringi ambao kwa sasa huna.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Piki ilale usiku kucha. Vipimo vya kitabu ni vya injini baridi. Ukipima ya moto unapata namba ya uongo. Asubuhi fundi atoe kifuniko cha sumaku, azungushe injini taratibu mpaka alama ya T, inayoonyesha pistoni iko juu kabisa, ikutane na alama ya kwenye mwili wa injini. Hapo ashike roka zote mbili kwa vidole: ziwe na mchezo mdogo. Zikiwa zimebana, huenda pistoni imepanda kwa mzunguko mwingine, basi azungushe mara moja zaidi na kujaribu tena. Ila kwako usishangae zikibana mizunguko yote miwili, ndiyo hadithi yenyewe. Katika hali hiyo afuate pistoni inayobana hewa: atoe plagi, azibe tundu kwa kidole, azungushe, na kidole kikisukumwa ndio mzunguko sahihi. Alegeze nati, aingize kisu cha unene ulioandikwa kwenye kitabu chako, wa vali ya kuingiza na wa vali ya ekzosi kwa sababu mara nyingi haulingani, na arekebishe mpaka kisu kivutike kwa ugumu mdogo, kama noti inayotolewa katikati ya kurasa za kitabu kizito. Kisha akaze nati huku ameshikilia skrubu isizunguke, na apime tena. Hapa ndipo hata mafundi wazuri wanakosea: nati ikikazwa inavuta skrubu, na nafasi uliyoihangaikia inapotea mbele ya macho yako.

Baada ya hapo panda mpaka Kikuyu na abiria mzito. Simama, zima, kanyaga kiki ikiwa moto. Ikikataa mguu, umepona, na ule mlio wa cherehani utakaousikia uuache ulie. Ikiendelea kuwa laini, vali imeshaungua au kiti kimeharibika. Hedi itafunguliwa, vali isagwe au ibadilishwe, na gasketi iwe mpya. Usikubali ile ya zamani irudishwe kwa kupakwa gundi.

Niongeze neno kwa wengine wanaosoma, hasa mnaotafuta piki za mkono wa pili, maana ugonjwa huu unauzwa. Muuzaji anajua mnunuzi anasikiliza. Anakaza tapeti, anamwaga oili nzito kuliko inayotakiwa, na piki ya miaka mitano inanguruma kama paka aliyeshiba. Mnunuzi anaiwasha, anatabasamu, anatuma pesa kwa simu. Wiki mbili baadaye yuko kwangu. Nimeshawaona wengi kiasi kwamba sasa piki kuukuu ikiwa kimya mno, mkono wangu unaenda kwenye kifuniko cha tapeti kabla ya kitu kingine. Ukienda kununua, gusa injini kwanza kabla haijawashwa. Ukiikuta na moto, muuzaji alitangulia kuiwasha kwa sababu anazozijua yeye. Iendeshe nusu saa kwenye kilima, izime, na umwambie yeye mwenyewe apige kiki.

Na wewe wa Kangemi, ukitaka niiangalie mimi, usinijie unaiendesha. Ipakie kwenye pikapu au isukume na mwenzako, ifike gereji asubuhi imelala. Ukiniletea injini ya moto nitakupa benchi ukae, na hutaondoka mpaka kesho.